Maji ya Mvua kwa Pikapu ya Obedi

Harithi wa Kizota ana hasira za karibu, na hilo halifichi. Mpigie honi nyuma yake kwenye foleni, atashuka akuulize moto unaokwenda kuuzima uko mtaa gani. Amegombana na jirani kwa ajili ya jogoo, kisha akagombana na jirani wa pili kwa kumtetea yule wa kwanza. Timu yake ikifungwa, Nasma mkewe huanza kuondoa vikombe mezani kabla ya filimbi ya mwisho. Milango ndiyo usiseme. Hajapata kufunga mlango wa gari wala wa nyumba bila kuubamiza, na fremu ya chumbani kwao imeshapigiliwa misumari mara nne.

Lakini mtu huyuhuyu mweke mbele ya nati iliyoganda, uone maajabu. Sauti inashuka, mabega yanalegea. Anavuta stuli, anakaa, anaitazama nati kwa upole ambao Nasma anasema yeye hajauona tangu siku ya posa. Wala haigusi mpaka atosheke kuitazama.

Kazi yake ni kutengeneza viyoyozi vya magari, mwaka wa thelathini na mbili huu, chini ya paa la bati kando ya barabara iendayo Singida. Mafundi wengine wa Dodoma wanajua kujaza gesi, na wengi wanajua kubadilisha kompresa. Nati ikiwashinda, baada ya kuihangaikia na kuiharibu vya kutosha, ndipo husema, "Mpelekee Harithi."

Upole huo hakuzaliwa nao. Aliupata kwa vitunguu. Alipokuwa kijana, fundi wa wiki tatu anayejiona wa miaka mitatu, aliletewa lori lenye nati ngumu kwenye bomba la kiyoyozi. Akachomeka kipande cha bomba la chuma kwenye mkia wa spana ili apate urefu, akavuta kwa nguvu zake zote. Nati haikufunguka. Bomba lilisokoteka pamoja nayo kama nguo inayokamuliwa, na vipuri vilipatikana baada ya siku tisa. Lori lilikuwa na shehena ya vitunguu, na mwenyewe hakukubali kuliondoa kabla halijapona. Mwalimu wake, mzee Adamu, hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwambia achukue kigoda, akae karibu na lile lori kila siku mpaka vipuri vifike, anuse vitunguu vikioza. Harithi alikaa siku zote tisa, na hadi leo Nasma akikaanga vitunguu yeye hutoka nje kidogo.

Sasa basi, Jumatano moja ya Novemba, mvua bado haijafika na jua limekasirika tangu saa mbili asubuhi, pikapu ya zamani ya rangi ya maziwa iliingia gereji. Aliyeiendesha alikuwa Dorkasi, mwalimu wa sekondari huko Chamwino. Pembeni yake alikaa baba yake, Obedi, mtu wa miaka kama sitini, shati pana la mikono mirefu, taulo lililolowa shingoni, na mkononi chupa ya kupulizia maji, ile ya vinyozi.

"Shikamoo, fundi," alisema Dorkasi.

"Marahaba, mwanangu. Nani kazing'ata hizi?" Harithi alikuwa ameshafungua boneti na kuziona nati mbili zilizolika pembe.

"Mafundi wawili. Wa pili akataka kuzichoma moto, nikaondoa gari."

"Umefanya la maana. Aluminiamu haikuagi inapoyeyuka. Unaona bomba, unapepesa jicho, huoni bomba."

Obedi akatoa kichwa dirishani, akasalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, mtani! Umefungua gereji kwenye ardhi yetu. Hongo umelipa?"

Harithi akacheka. Yeye ni Mnyamwezi wa mjini. Babu wa babu yake alipita hapa na misafara, miguu ikachoka, akaoa, akabaki. Obedi ni Mgogo wa Bahi. Makabila hayo ni watani tangu enzi zile Wagogo walipokuwa wakizitoza safari za Wanyamwezi hongo kabla ya kuwaruhusu wachote maji visimani, na mtani hahitaji kujuana na mtu ndipo amtukane.

"Mbukwa. Babu yangu alilipa kwa vitambaa," alijibu Harithi. "Mkavivaa, na hamjavifua mpaka leo."

Baada ya hapo mambo yakaelezwa. Obedi alikuwa mpika chumvi. Kwao hukusanya udongo wa mbuga wenye chumvi, huuchuja kwa maji, kisha huyachemsha maji yale kwenye karai kubwa la bati mpaka chumvi ibaki chini. Miaka mitatu iliyopita karai lilimpindukia. Alipona, lakini ngozi mpya iliyomfunika kuanzia shingoni hadi mapajani haitoi jasho. Joto likimwingia halina pa kutokea. Daktari alimwonya akae mbali na jua la mchana, na siku aliyompuuza, akaenda msibani saa saba, aliokotwa chini hajitambui. Tangu hapo anaishi kwa Dorkasi, anatoka alfajiri na magharibi.

Na Jumamosi Dorkasi anaolewa, kijijini kwao, ng'ambo ya Bahi. Mchungaji anahudumia mitaa minne na zamu yao ni saa sita mchana, haisogei. Magari madogo yenye kiyoyozi yaliukataa mchanga wa makorongo ya huko, na wenye magari makubwa walitaja bei ya mtu anayekodi ndege. Basi imebaki pikapu hii. Ikipoa, Obedi atasafiri ndani yake, atashuka mlangoni mwa kanisa, atamwingiza bintiye, kisha atarudi kwenye baridi. Isipopoa, Brighton, mdogo wake Obedi, ndiye atakayemwingiza.

"Mimi nimeshawaambia waende tu, wanipigie picha," alisema Obedi.

"Hajaambiwa na mtu aseme hivyo," alisema Dorkasi, na macho yakamjaa maji palepale, mbele ya fundi asiyemjua.

Gari lenyewe halikuwa na ugonjwa mkubwa. Gesi ilikuwa imevuja kwenye maungio mawili, pale mabomba yanapopenya kuingia ndani ya gari, kwa sababu mipira midogo ya kuzibia imekauka. Kubadilisha mipira ni kazi ya dakika kumi ukishafungua nati. Ila nati ikizunguka pamoja na bomba, bomba litasokota na kuiharibu koili ya kupozea hewa iliyojificha nyuma ya dashibodi. Koili ya pikapu ya umri ule Dodoma nzima haipo. Dar es Salaam labda, kwa kubahatisha, na si kabla ya Jumamosi.

Harithi akavuta stuli. Alizitazama nati kwa muda ambao Dorkasi aliona ni wa kulala. Kisha akachukua mswaki, akasugua unga mweupe ulioota kwenye ukingo wa nati, akautia kidoleni, akauonja.

"Chumvi," alisema.

"Imebeba chumvi miaka kumi na tisa," Obedi alijibu kwa majivuno. "Ndiyo iliyomsomesha huyu."

"Iliyobebwa nyuma haifiki huku mbele. Mtani, hii gari ulikuwa unaiosha?"

"Kila Jumamosi! Mimi gari langu lilale na vumbi? Nilikuwa naifungua boneti, namwaga ndoo kwa ndoo, hata injini inang'aa."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima chetu cha kijijini, cha..." Obedi akaishusha chupa yake.

Kisima chao kimechimbwa ukingoni mwa mbuga ileile ya chumvi. Maji yake ng'ombe wanayapenda kwa sababu hawahitaji kulambishwa kitu kingine. Kwa miaka kumi na tisa Obedi aliiosha chumvi kwa maji ya chumvi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa mapenzi yote, na kila ndoo iliyokauka iliacha kipande kidogo cha ukuta ndani ya nati.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiua," alisema Obedi. Aliangalia mikono yake yenye makovu. "Hiyo chumvi haikutosheka na mimi."

Mtani angekuwa na la kumjibu hapo. Harithi aliacha utani upite. "Hujaiua," alisema. "Gari lisilooshwa lingekuwa limeoza chasisi zamani. Wewe umelilinda, umekosea maji tu. Sasa tutaliosha tena, kwa maji yenyewe."

Maji yenyewe yalikuwa kazi nyingine. Maji ya bomba ya Dodoma nayo yana chumvi yake, chai yenyewe huyapokea shingo upande. Harithi alihitaji maji ya mvua, na Novemba mtu mwenye maji ya mvua Kizota alikuwa mmoja tu, Nasma, aliyekinga pipa lake mwezi wa nne akalifunga kwa kufuli. Ni ya chai, na ya kunde, ambazo kwa maji ya bomba haziivi. Nasma hamgawii mtu. Shemeji yake aliwahi kuomba kopo moja, akapewa pole.

"Lita ishirini?" Nasma aliuliza. "Za nini?"

"Za kuoshea nati."

"Harithi, una homa?"

Akamweleza yote. Nasma alisikiliza huku akichambua mchele, na Harithi alipofika kwenye yale maneno ya Obedi, ya wanipigie picha, ungo ukasimama. Akafungua ncha ya khanga, akatoa ufunguo.

"Chukua. Lakini ukiyamwaga kwa hasira zako, usirudi humu na hilo dumu."

Basi kazi ikaanza, na anayependa kuona watu wakitumia nguvu asingeipenda. Harithi alichemsha maji ya mvua kwenye birika juu ya jiko la mkaa, akayamimina juu ya nati uzi mwembamba, akasugua kwa mswaki, akapangusa, akaonja. Bado chumvi. Akamimina tena. Chumvi iliyoingia kwa miaka kumi na tisa haiwezi kuombwa itoke kwa saa moja. Jumatano nzima aliosha na kuonja, kuosha na kuonja, na jioni alipoonja akakuta ladha ya chuma peke yake. Alikausha, akadondosha mafuta ya kulegezea kutu, matone matatu kila nati, akafunga boneti akaziacha zilale.

Alhamisi aligonga. Nyundo nzito ameikinga nyuma ya nati, nyundo ndogo inagonga mbele, ti, ti, ti, kwa nguvu ya kupasulia karanga, ili mafuta yapenye. Halafu spana mbili, moja imelishika bomba lisisogee hata unywele, ya pili kwenye nati. Na hakuanza kwa kulegeza. Alianza kwa kukaza, kidogo mno, kwa sababu nati iliyoganda, anasema Harithi, imezoea kukataa njia ya kutokea. Ianzie upande isioutegemea. Alasiri nati ya kwanza ikatoka. Ndani ya ridhi zake, ile mifereji inayozunguka ndani ya nati, palikuwa na chembe nyeupe bado, na Harithi akamwita Obedi aje azione.

Obedi aliletwa alfajiri na kushinda hapo, kivulini, taulo halikauki, akipuliza chupa yake na kuuliza iwapo babu za Harithi walikuwa wazito hivi hata kwenye misafara. "Ndiyo maana mlikuwa mnatulipa hongo mara mbili," alisema. "Mkifika, mnakuta mliyemlipa kafa, mnalipa tena kwa mwanawe." Harithi alimjibu kwamba Mgogo anayeharakisha kazi ya mwenzie aanze kwa kuharakisha mvua. Ukiwasikia ungedhani wamekua pamoja.

Ijumaa nati ya pili ilikataa. Aliosha, ikakataa. Aligonga, akakaza, akalegeza, ikakataa. Aliporudi kutoka msikitini aliikuta ilivyo. Saa tisa ikafika, na hata nati ingefunguka hapo hapo zingebaki saa za pampu ya kutolea hewa na za kujaza gesi, na safari ni alfajiri.

Simu ya Dorkasi ikaita. Alikuwa Brighton, na sauti yake ilijaza gereji bila hata kuwekwa spika.

"Mwambieni fundi atumie nguvu! Nati ni nati! Na kama haiwezekani, msihangaike, suti yangu nimeshaitoa kwa dobi. Nimeshafanya na mazoezi ya kuingia."

Obedi akafuta uso kwa taulo. "Mwambie baba yako mdogo ajiandae," alisema.

"Baba..."

"Mwambie, mama. Mtu asisimame mlangoni hajui aingie au asiingie. Ajiandae."

Harithi alisikia. Na hapo hasira zake za siku zote, ambazo nati hazijawahi kuziona tangu ujana wake, zikampanda hadi kooni. Si kwa Brighton wala kwa Dorkasi. Kwa chumvi. Aliinuka, akaenda kwenye kona ya vyuma chakavu, akarudi na kipande kirefu cha bomba la chuma, akakichomeka kwenye mkia wa spana. Hakuna aliyemzuia. Obedi na binti yake wote wawili walitaka avute, na yeye mwenyewe alitaka zaidi yao.

Akashika. Akajikita miguu. Na akasikia harufu ya vitunguu.

Pengine kulikuwa na mtu anayekaanga jirani, pengine hakuna. Harithi akachomoa lile bomba la chuma, akalilaza chini taratibu. Akavuta stuli. Akamimina maji ya mwisho ya dumu la Nasma, ya moto kabisa, akahesabu hadi mia mbili, akapangusa, akashika spana zake mbili fupi. Akakaza. Kidogo. Kidogo tena.

Ti.

Ilikuwa sauti ndogo kuliko ya kucha. Dorkasi hakuisikia. Obedi, aliyesikiliza karai la chumvi likikauka miaka arobaini na kujua kwa sauti wakati wa kuondoa moto, aliisikia, akasimama wima.

"Usisogee," alisema Harithi, kwa sauti ya chini kabisa, wala haikujulikana anamwambia nani. Akailegeza nati kwa unene wa unywele, akairudisha, akaongeza tone la mafuta, akalegeza nywele mbili, akairudisha moja. Ilimchukua mpaka adhana ya alasiri nati kufika mkononi mwake. Bomba lilikuwa limenyooka kama lilivyotoka kiwandani.

Mipira mipya ikaingia, pampu ikavuma, gesi ikajazwa, na jua lilipokuwa linainama Harithi aliwasha injini na kumwambia Obedi apande aone. Obedi alipanda, akafunga vioo, akaweka viganja vyake kwenye matundu ya hewa. Kisha shingo. Kisha akafungua vifungo vya shati na kuliacha lile baridi limwingie kifuani.

"Shuka basi, tumeshaona," alisema Harithi baada ya robo saa.

"Sishuki."

Jumamosi Harithi na Nasma walikwenda nao. Nasma alisema ni kwa ajili ya kuona maji yake yanaolewa na nani. Harithi ndiye aliyeendesha, maana gari lililotoka kwenye mikono yake halimwamini mwingine, na katika makorongo ya mchanga aliwatukana mbuzi wawili na mwendesha baiskeli. Dorkasi alikaa katikati na gauni lake, baba yake dirishani, na Nasma nyuma juu ya mizigo, kajifunika khanga. Saa sita kasoro walisimama mbele ya kanisa la bati, na nje jua lilikuwa linapiga kiasi kwamba kwaya yote ilikuwa imejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Brighton alikuwepo mlangoni, suti imenyooshwa. Alipomwona kaka yake akishuka, alivua koti, akalikunjua, akalishika juu ya kichwa cha Obedi liwe kivuli, akatembea naye hivyo mpaka kizingitini. Kwa hilo moja Harithi alimsamehe ile simu.

Yeye Harithi hakuingia. Mtu alipaswa kubaki na injini ikiwaka ili ndani kupoe, Obedi akitoka akute baridi inamngoja, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Kwa hiyo jambo aliloliosha na kulionja siku tatu hakuliona. Alikaa peke yake katika pikapu, vioo vimefungwa, kofia kichwani, anatetemeka kwa baridi huku kijiji kizima kikilowa jasho. Ngoma aliisikia kwa mbali. Walikubaliana Obedi atembee, akabidhi, atoke, dakika kumi basi. Zikapita kumi. Zikapita kumi na tano, na Harithi akaanza kuomba. Ndipo vigelegele vikapasuka, virefu, vikifuatana, na miongoni mwake akakitambua cha Nasma.

Obedi alitoka ameshikwa na Nasma upande mmoja na Brighton upande wa pili, uso umemwiva, hatua fupi. Harithi aliruka chini, akazunguka, akamfungulia mlango. Wakampandisha. Akaegemea kiti, akafumba macho, na baridi ikamshukia. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke.

"Umemfikisha?" aliuliza Harithi.

"Nimemfikisha. Hatua zote, hadi mbele." Akafumbua macho. "Wamesema nitoke, nikawaambia mpaka aseme ndiyo. Nimeisikia kwa masikio yangu." Akavuta pumzi. "Mtani, hongo ya babu yako yote imeisha. Sisi hatukudai tena."

Harithi aliinama mlangoni, akayaelekeza matundu ya hewa shingoni kwa Obedi.

"Sasa funga mlango," alisema Obedi. "Unatoa baridi."

Na Harithi, ambaye hajapata kufunga mlango wowote bila kuubamiza, aliushika huo kwa mikono yote miwili, akausukuma polepole, mpaka uliposema ti.